Mlima Ukisogea

Karakana yangu iko Pasua, mkabala na mashine ya kukoboa,
na kwa miaka kumi na mmoja nimechomelea mageti,
madirisha, vitanda vya bweni, kizimba kimoja cha kasuku.
Nanga, sijawahi.

Nderingo alikuja na springi ya Fuso begani
na mchoro nyuma ya risiti ya saruji.
"Kucha mbili," akasema. "Zing'ate tope, zisikwaruze."
Vijana wa gereji jirani wakaweka spana chini:
Nanga! Moshi hii! Utaitia wapi, mtaroni?
Hata mimi nilicheka, nyuma ya kioo cheusi,
cheche zikanisitiri.

Lakini chuma hakiulizi kinakokwenda.
Nikapasha, nikakunja, mishono mitatu kila bega,
nikagonga magamba, nikasikiliza mlio.
Kwenye daftari: nanga 1, amelipa nusu.

Nusu iliyobaki, alisema, ni safari.

*

Nyumba ya Mungu, upande wa Mikocheni.
Mashua yake ina chumba cha watu wawili wembamba.
Sisi si wembamba.
Miaka saba kwenye meli za Tanga imemwachia maneno,
akanigawia kama anayegawa vyombo vya marehemu:
omo mbele, tezi nyuma,
ngama chini, ambako maji hujikusanya
na mgeni hulala.

Jua likiinama tukaingia kwenye hori
isiyo na nyumba wala mtumbwi,
migunga imesimama majini tangu bwawa lilipofungwa,
mikavu, myeupe kwa mavi ya mnandi.
Akazima mashine. Akashusha bildi, yaani kamba na nati ya trekta.
"Pima moja." Maji ya kumfunika mtu mrefu, basi.

"Teremsha. Usirushe."
Nikaishusha kazi yangu kama anayelaza mtoto aliyesinzia.
Tope likaipokea bila neno.
Nilidhani mita mbili za maji zataka mita mbili za kamba.
"Ipe," akasema. "Ipe tena. Nanga haishiki kwa uzito,
inashika kwa kulala. Kamba fupi huiinua kichwa."
Tukaipa mita kumi na nne.

Halafu akanionyesha Kibo,
theluji rangi ya ganda la kitunguu,
juu kabisa ya mgunga wenye tundu.
"Weka jicho hapo. Mlima ukisogea,
ujue ni sisi."

Nimeishi chini ya mlima huo miaka thelathini na tisa.
Sikuwahi kuutazama nikihofia utahama.

*

Saa nne usiku wingu likaula.
Upepo ukashuka kutoka huko huko,
mashua ikazunguka kama mbuzi aliyefungwa.
Nderingo alikuwa ameshanieleza kupwelewa,
chombo kuachwa na maji kikabaki kimekaa mchangani.
"Ila hapa hakuna kupwa wala kujaa," akaongeza, akakoroma.

Hapa kuna mageti ya bwawa. Nami nayajua mageti:
popote yalipo, kuna mtu ana ufunguo.

Sikuwa na mlima. Nikashika kamba.
Nanga ikikwaruza, kamba hutetemeka kama grenda ikigusa nondo;
ikishika, hukaza, hulegea, hukaza,
pumzi ya mtu asiye na haraka.
Nikahesabu hadi nikapoteza hesabu.
Mita kumi na nne za giza, na mwisho wake mishono yangu,
ambayo mmoja, nikakumbuka, wa bega la kushoto,
niliumalizia umeme ukikatika.

*

Alfajiri tulikuwa tumelala ubavu.
Usukani ndani ya tope, kikombe kimehamia kwangu.
Maji yameshuka kiganja kimoja, kimetosha.
Na mlima huo, mweupe, pale pale,
juu ya mti wenye tundu.
Nderingo akautazama, akanitazama.
"Imeshika."
"Imeshika mno."

Tukashuka kusukuma, maji viunoni,
mimi nikiuliza mara ya tatu habari za mamba.

Deni nimelifuta.
Mshono wa kushoto nitaurudia.